Kundi la Kadi Nyeupe

Kama kuna mtu hapa Kilimanjaro aliyepaswa kujua namna ya kutoanguka, ni Hosea. Miaka kumi na minne amefanya kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali moja mjini Moshi, akiwafundisha kutembea upya waliovunjika nyonga, waliopooza upande mmoja, na vijana wa bodaboda waliogombea njia na malori. Msuli gani unamshikilia binadamu asimame wima, anaujua. Namna sikio la ndani linavyouambia ubongo kwamba jamani tunaegemea kushoto, anaijua, na ukimpa chaki atakuchorea. Lakini asubuhi ile ya Machi, akipanda kinjia cha kwenda ukumbi wa usharika kule Machame juu, mvua imenyesha usiku kucha na tope limekuwa sabuni, mtaalamu wetu alianguka mara tatu.

Mara ya kwanza alilaumu viatu. Mara ya pili alilaumu begi. Mara ya tatu hakulaumu kitu, maana alipoinua uso alimkuta mzee mmoja mwenye gambuti na koti la suti lililochakaa amesimama mbele yake, anamtazama.

"Pole sana, kijana. Unaelekea wapi na mzigo huo?"

"Shikamoo mzee. Naenda ukumbini. Mimi ndiye niliyekuja kuwafundisha wazee wasianguke."

"Marahaba." Mzee akalitazama tope lililomjaa Hosea kuanzia magotini hadi kidevuni. Alikuwa muungwana, hakucheka. "Karibu sana. Mimi ni Filemon. Tulikuwa tunakusubiri."

Akalichukua lile begi, akalitia begani, akatangulia kupanda huku akipiga mluzi. Umri wake ulikuwa miaka themanini na moja.

Msimcheke sana Hosea. Yeye ni mtu wa tambarare. Baba yake alitoka Mbeya kuja kukata miwa kule chini kwenye mashamba ya sukari, na Hosea akazaliwa hukohuko, mahali ambapo mwinuko mkubwa kuliko yote ni tela la miwa. Mlima alikuwa akiutazama kwa mbali, kama kila mtu, na hakuna aliyemwambia kwamba watu wanaoishi pale hutembea kwa namna nyingine.

Na hakuja kutembea. Alikuja kwa sababu alikuwa amebanwa. Shahada yake ya uzamili ilikuwa ya miaka miwili, na huu ulikuwa mwaka wa nne. Utafiti wake wa kwanza ulihusu magoti ya wapagazi wa mlimani: wapagazi arobaini walijiandikisha, msimu wa watalii ukaanza, wote arobaini wakapanda na mizigo, na waliposhuka hakuna hata mmoja aliyemkumbuka. Wa pili ulihusu jinsi makarani wanavyokaa vitini na kuumia migongo. Huo nao ulikufa, kwa sababu kila alipoingia ofisini na daftari lake makarani wote walikaa wima kama wanapigwa picha ya pasipoti. Chuo kikamwandikia barua. Ama awasilishe utafiti uliokamilika kabla ya mwisho wa Juni, au jina lake liondolewe. Na kule chini baba yake, ambaye alikuwa ameshawatangazia watu wote kwamba mwanawe anakuwa daktari wa juu, alikuwa ameshanunua suti ya mahafali, na kwa kuwa mahafali hayaji, alikuwa anaivaa kanisani.

Kwa hiyo huu wa tatu ndio uliokuwa wa mwisho. Ukienda vizuri, shahada ipo. Ukiharibika, hakuna mwingine.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Wazee arobaini, wote wamevuka miaka sabini. Ishirini wafundishwe mazoezi ya msawazo kwa wiki kumi: kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino kikigusa vidole, kuinuka kitini bila kushika popote. Ishirini wengine wasifundishwe chochote, waendelee na maisha yao. Mwishoni wote wapimwe. Tofauti ikionekana kati ya makundi mawili, Hosea amethibitisha kwamba mazoezi yake yanafanya kazi. Bila tofauti hakuna kitu.

Siku ile ya kwanza, baada ya kila mmoja kupimwa, aligawa bahasha zilizofungwa ili asije mtu akasema amependelea. Ndani ya bahasha ishirini mlikuwa na kadi za bluu, na ndani ya ishirini nyingine kadi nyeupe.

"Wenye bluu mtakuja hapa kila Jumanne na Ijumaa kwa mazoezi," akasema. "Wenye nyeupe, asanteni sana, mnaweza kurudi nyumbani. Tutaonana baada ya wiki kumi."

Mzee Filemon, kadi ya bluu mkononi, akasimama. "Samahani, daktari. Hawa wa nyeupe wamekosa nini?"

"Hawajakosa kitu, mzee."

"Basi wanaadhibiwa kwa lipi?"

Hosea akaeleza. Akaeleza kwa Kiswahili kizuri, taratibu, mambo ya kundi la kulinganishia, na kwamba baada ya wiki kumi hata hao watafundishwa. Mwenye kadi nyeupe mmoja, Mzee Ambrosi, aliyekuwa dereva wa lori la ushirika wa kahawa na bado ana mwili wa dereva wa lori, akauliza kwa upole kama daktari ana uhakika na hizo wiki kumi, kwa sababu yeye kwa umri wake hanunui hata ndizi za kusubiri ziive.

Kisha akainuka bibi mmoja mdogo wa umbo, amefunga kitenge cha Jumapili, fimbo mkononi. Jina lake Leonia, miaka sabini na sita.

"Mimi mwaka jana nimeanguka mara mbili," akasema. "Ile ya pili nililala kwenye mfereji mpaka watu wa maziwa wakanikuta. Filemon huyu juzi nimemwona juu ya mparachichi. Sasa Filemon anafundishwa kusimama, na mimi naambiwa niende nyumbani?"

"Ni bahati nasibu, bibi. Utafiti hauchagui mtu."

"Nimeona," akasema Bibi Leonia, akakaa.

Kisha mmoja baada ya mwingine wakasema sawa, daktari, sawa, na Hosea akafurahi moyoni kwamba amewapata wazee waelewa.

Hapo alikosea, tena sana, na mtu aliyezaliwa mlimani asingelikosea hivyo. Machame ukichinja mbuzi hakuna nyama isiyo na mwenyewe. Kidari kina mtu wake, mgongo una mtu wake, shingo ina mtu wake, na asiyekuwepo hupelekewa sehemu yake kwenye jani la mgomba. Mtu anaweza kununiana na ndugu yake miaka sita, lakini sehemu ya mbuzi itafika mlangoni. Halafu wewe unakuja na kitu kizuri, unakileta mbele ya watu arobaini, unawaambia ishirini warudi mikono mitupu na hawa wengine wakile peke yao. Wazee walimtazama kijana wa watu, wakaona kuna mambo hakufundishwa kwao, wakaamua kumsitiri. Ile sawa yao ilikuwa na maana hiyo tu.

Wiki zikaenda vizuri mno. Wenye kadi za bluu hawakukosa hata siku moja, mvua inyeshe isinyeshe. Walikuwa wanafunzi ambao mwalimu huwaota tu. "Rudia hapo, daktari, ule mguu wa nyuma unakaaje?" Mama mmoja alikuja na daftari la mjukuu, akaandika kila kitu. Mwingine alichora nyayo kwa kalamu ya risasi, zenye mishale. Filemon alitaka kujua kama mtu anaweza kufanya zoezi la mguu mmoja akiwa ameshika ndoo, na Hosea akamsifu kwa swali zuri.

Jioni alimpigia msimamizi wake, Daktari Alnaz. Huyu ni mama wa mjini Moshi, kwao wana duka la vifaa vya ujenzi tangu enzi za babu yake, na anasoma takwimu kwa macho yaleyale ambayo babu yake alisomea misumari. Hajawahi kuchelewa popote. Kumsifu mtu hakumjii kirahisi.

"Kundi la pili lisiguse mazoezi, Hosea. Wakiyagusa, huna utafiti."

"Hawayagusi, daktari. Wametulia kabisa nyumbani kwao."

Wiki ya tano alipanda mapema, kabla ya saa moja asubuhi, ili amuwahi mwinjilisti mwenye ufunguo wa ukumbi. Kabla ya kufika kwenye kona ya kituo cha kukusanyia maziwa akasikia sauti ya mtu anahesabu. Akasogea nyuma ya migomba, akachungulia.

Foleni nzima ya maziwa ilikuwa imesimama kwa mguu mmoja.

Walisimama vile kuanzia dirishani mpaka barabarani, kila mtu na ndoo yake, na mbele yao Mzee Filemon, ambaye nyuma huko alikuwa mwalimu wa kwaya, alikuwa anawaongoza kwa kijiti. "Kumi na nne, kumi na tano, Ambrosi usishike ukuta, ukuta una kazi yake. Bibi Leonia, macho mbele, usiuangalie mguu, hautoroki. Haya, badilisha." Foleni ikabadilisha. Wenye kadi nyeupe walikuwepo wote ishirini, Hosea aliwahesabu mara mbili. Walikuwepo pia watu ambao hawakuwa na kadi yoyote, akiwemo mwinjilisti na ufunguo wake. Hata Doris, binti anayepima maziwa, alikuwa anatumbukiza kipimo kwenye ndoo huku mguu mmoja ukiwa juu.

Hosea akakaa kwenye jiwe. Juni ilikuwa imeondoka palepale, na suti ya baba yake nayo. Lakini jicho la kazi halina adabu. Hata pale kwenye jiwe, akiwa na huzuni yake, lilikuwa linamwangalia Bibi Leonia. Siku ya kupimwa alisimama kwa mguu mmoja sekunde mbili, na ya tatu Hosea alimdaka. Sasa alikuwa na ndoo mkononi, fimbo ameiegesha ukutani, na sekunde zilikuwa zimepita kumi na moja. Hosea alijikuta anafurahi, akajikasirikia.

Mchana wake alikwenda kwa Bibi Leonia. Alijua huyo ndiye anayesikilizwa na wenzake wa kadi nyeupe. Akiacha yeye, wataacha wote. Bibi alimpa bakuli la mtori, ile supu nzito ya ndizi, na hakumruhusu kusema neno mpaka alimalize.

"Bibi, asubuhi nimewaona pale kwenye maziwa."

"Na sisi tulikuona. Ulikaa kwenye jiwe."

"Mbona hamkuniita?"

"Ulikuwa na mawazo."

Hosea akafuta mdomo. "Bibi, naomba muache. Wiki tano tu zimebaki. Mkiendelea, mwisho wake makundi yote yatakuwa sawa, na nitaonekana sijapata kitu."

Bibi Leonia akanyoosha mkono kuelekea chini ya kihamba, lile shamba la migomba la ukoo, ambako moshi wa jiko ulikuwa unapanda katikati ya migomba. "Unaona pale? Pale anakaa dada yangu Hilda. Kati yetu kuna mfereji, na juu ya mfereji kuna ubao. Tangu nilipoanguka kwenye ule ubao sikuvuka tena, mwaka mzima. Tukawa tunapigiana kelele, huyu upande huu na yule upande ule, na yeye masikio yameshachoka. Jumamosi nimevuka. Nimekunywa chai kwake. Amenitukana kweli kwa kuchelewa." Akatabasamu. "Sasa unasema niache."

"Kwa wiki tano tu, bibi."

"Na ndani ya hizo wiki tano nikianguka?"

Hosea alikuwa na makosa yake, lakini uongo haukuwa mojawapo. Akatazama bakuli. "Kwa utafiti, bibi... ingesaidia."

Neno lilipomtoka ndipo alipolisikia. Masikio yakamchemka. Alitamani mtori ule urudi bakulini na yeye arudi barabarani, asiwe amefika kabisa.

Bibi Leonia alicheka mpaka akashika kitenge. Alipomaliza akauliza, "Na usipoipata hiyo shahada, itakuwaje?"

Hosea akamweleza yote: barua ya chuo, wapagazi, makarani, baba na suti yake.

"Mama yako yupo?"

"Alifariki nikiwa darasa la sita."

Bibi akakusanya bakuli na kijiko, akavipanga kwenye sinia bila haraka. "Sawa, mwanangu," akasema. "Nimekusikia."

Na Hosea, ambaye alikuwa ameshaisikia sawa ya Machame mara moja na kuona ilivyomfanya, akaondoka na amani.

Alipita kituo cha maziwa mara mbili wiki iliyofuata, na mara zote mbili foleni ilikuwa imesimama kwa miguu miwili, tuli, kama nguzo za umeme. Wakamwamkia vizuri. Hakujua kwamba kulikuwa na kikao, na kwamba yeye ndiye alikuwa ajenda.

Siku ya vipimo vya mwisho Daktari Alnaz alipanda mwenyewe. Alikuja na kiti chake, fomu zake, na saa ya kuhesabia sekunde ameivaa shingoni. Utaratibu ulitaka apime mtu asiyejua nani ana kadi ya rangi gani, kwa hiyo kadi zilifichwa na wazee wakaitwa kwa kuchanganywa. Kazi ya Hosea ilikuwa kusimama nyuma ya kila mzee, mikono wazi, tayari kudaka. Mwisho wa kipimo ulikuwa sekunde thelathini.

Filemon alizimaliza bila jasho, akauliza kama aimbe. Mama wa daftari alizimaliza. Kisha akaitwa Mzee Ambrosi.

Ambrosi hata mguu hakuuinua. Alifumba macho, akajiachia nyuma kama gunia la kahawa, na Hosea akaenda chini naye.

"Sekunde sifuri," akasema Daktari Alnaz, akaandika.

Akafuata bibi mmoja anayeitwa Mary. Kabla ya kuanza alimgeukia Hosea akamnong'oneza, "Upande gani ni rahisi kwako?" Akaangukia kulia, taratibu sana, akiwa ameshashika kitenge kisifunuke. Wa tatu wa kadi nyeupe aliyumba yumba kwa ufundi, akapiga hatua mbili za pembeni, akaanguka kifuani pa Hosea, na wakati anainuliwa akamwambia sikioni, "Hongera."

Hapo ndipo Hosea alipoelewa. Akageuza shingo, akamwona Bibi Leonia mwisho wa benchi, ametulia, anamwitikia kwa kichwa. Walikuwa wamekaa, wamejadili, wameamua. Mazoezi hawakuyaacha, mazoezi yalikuwa yao. Lakini kijana hana mama, anatafuta shahada, na hata yeye ana sehemu yake katika jambo hili. Sehemu yake ikawa wao kumwangukia.

Angepaswa kusimamisha kila kitu papo hapo. Hakusimamisha. Tusimpambe. Alisimama pale akadaka, na kila alipodaka aliziona namba: bluu thelathini, nyeupe mbili, bluu ishirini na nane, nyeupe sifuri. Aliiona Juni. Alimwona baba yake amekaa kiti cha mbele. Mgongo ulimuuma, na ndani kabisa alikuwa anaomba yeyote aliyebaki asije akasahau kuanguka.

Kufikia mtu wa thelathini na tisa Daktari Alnaz aliinua macho kutoka kwenye fomu. "Sijawahi kuona watu wakigawanyika wazi namna hii," akasema. Alikuwa karibu atabasamu. "Nani amebaki?"

Amebaki Bibi Leonia.

Akaja katikati ya ukumbi. Fimbo akampa Filemon. Alipopita mbele ya Hosea alimgusa mkono kidogo, kama mtu anayesema usijali, kisha akasimama kwenye alama ya chaki, akainua mguu wa kushoto.

Saa ikaanza. Sekunde tano, Bibi Leonia akaanza kuegemea kulia, kwa makusudi, kila mtu aliona. Aliegemea mpaka Hosea akapeleka mikono. Lakini kifundo cha mguu uliobaki chini kikacheza, vidole vikakamata sakafu, nyonga ikarudi mahali pake, na bibi akawa wima tena. Akakunja uso. Akajaribu kushoto. Mwili ukaenda, ukafikiria, ukarudi. Akajaribu nyuma. Hosea alijua kila kilichokuwa kinatokea ndani ya mguu ule, msuli kwa msuli, amekifundisha miaka kumi na minne, na hajawahi kukiona kimekaa vizuri hivi kwa mtu wa umri ule.

"Ishirini na mbili," akasema Daktari Alnaz.

Kwenye mabenchi watu walikuwa wameanza kunong'ona. Anguka, Leonia. Anguka basi, mama. Filemon alikuwa anashusha kiganja polepole, vile alivyokuwa akiishusha kwaya.

"Thelathini. Fomu inaishia hapa." Lakini Daktari Alnaz hakuizima saa, kwa sababu mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa analia.

"Nisamehe, mwanangu," Bibi Leonia alisema chinichini, bila kugeuka, ili Hosea peke yake asikie. "Naanguka, lakini mguu hautaki. Nimeubembeleza, hautaki."

"Bibi anasema nini?" akauliza Daktari Alnaz.

Hosea angeweza kusema anasali. Ulikuwa ukumbi wa usharika, nani angeshangaa. Angeweza pia kusema bibi huyu ni wa kadi ya bluu, kadi moja tu, na utafiti ungebaki safi, na hakuna mtu katika mabenchi yale ambaye angemkana. Alijua wasingemkana. Kilichomshinda ni hicho hasa, na pia ule mgongo mdogo uliokuwa mbele yake, unaoomba radhi kwa kusimama.

"Anasema anajaribu kuanguka, daktari, na mguu haukubali. Ana kadi nyeupe. Wote wa kadi nyeupe wamejiangusha, kwa ajili yangu. Ukweli ni kwamba wanasimama vizuri kama hao wengine. Wamekuwa wakifanya mazoezi, na mimi nimelijua hilo tangu wiki ya tano."

Mzee Filemon akakohoa. "Kwa usahihi, daktari, tulianza jioni ileile ya somo la kwanza," akasema. "Isije ikaandikwa vibaya."

Daktari Alnaz akaziangalia fomu thelathini na tisa zilizokuwa mapajani mwake. Akazigonga ukingo zikae sawa, akaziweka chini sakafuni. Hakupaza sauti.

"Unajua maana yake, Hosea. Kwa Juni hii huna kitu."

"Najua, daktari."

"Na mwongozo wa chuo unaujua. Jina lako linaondolewa."

"Naujua."

Ilimuuma kama alivyojua itamuuma, na zaidi. Mzee Ambrosi akatoa leso, akaipitisha benchi kwa benchi mpaka ikamfikia.

Katikati ya ukumbi Bibi Leonia alikuwa bado na mguu juu. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni na hakuyafuta, maana mikono alikuwa ameitandaza vile walivyofundishwa.

"Sasa niushushe?" akauliza.

Daktari Alnaz akaitazama saa, akamtazama bibi, akavuta kiti chake karibu zaidi. "Bado, bibi. Dakika moja na sekunde nane. Nataka nione unafika wapi." Kisha, macho yakiwa bado kwenye ule mguu, akasema, "Hosea, toka hapo nyuma yake. Hakuna wa kudaka."

Hosea akashusha mikono, akasogea pembeni.